Kiti ya dereva imekwama na gari inafanya TAK moja bila kuwaka (Lexus RX300) – nianzie wapi?

mwana_himbi (Goma)

Bakubwa wa hii jukwaa salamu. Niko na Lexus RX300 ya mwaka 2000, ile V6 ya lita 3 (moteri 1MZ), bwate (giaboksi) otomatike. Iko na mambo mbili inanisumbua kwa wakati moja na sijue kama ziko na uhusiano ao hapana.

Ya kwanza ni kiti ya dereva, ile ya umeme. Nikibonyeza kitufe iende mbele haiende, irudi nyuma hairudi. Lakini mgongo wake unalala na kuinuka vizuri, kupanda na kushuka pia inafanya. Bibi yangu ni mfupi na kiti imebaki nyuma kabisa kwa kipimo changu, akichukua gari anaweka mto mgongoni njo mguu ufike kwa freni, na hiyo siipendi hata kidogo, siku moja mto utateleza.

Ya pili, nikizungusha fungulo inafanya TAK moja ya nguvu kisha kimya. Taa za tablo zinabaki kuwaka vizuri hazififii. Narudilia, tak. Narudilia, tak. Kisha ghafla inakamata na moteri inawaka kama vile hakukukuwa kitu. Zamani ilikuwa mara moja moja, sasa ni karibu kila siku, na nikitoka Sake moteri ikiwa moto ni mbaya zaidi.

Fundi wa kwanza alisema ni batri, nikanunua mpya, tak ikabaki palepale. Wa pili anasema nibadirishe demareri nzima (ile starta inayozungusha moteri ili iwake) na nitafute kiti nzima ya okazio (iliyotumika), tena eti kiti njo iko inakula moto (umeme) ya demareri. Mbele nitoe tena feza nataka kwanza nielewe: kutoka fungulo mpaka moteri kuzunguka umeme unapita wapi? Na kiti inafunguliwa namna gani bila kuharibu erbagi, ju naona fishi (plagi za waya) za manjano chini yake naogopa kuzigusa. Niko na multimeta ya bei ya chini, ampule (balbu) ya kujaribia na makle (spana) ya kawaida. Maelezo marefu hayanisumbui, nitasoma yote.

---

moto_ya_kadutu (Bukavu)

Ndugu umeuliza vizuri, na hiyo mambo ya "taa hazififii" umeandika njo imenisaidia kuliko yote. Acha tuanze na demareri, ya kiti najua kuko mwingine hapa ataijibu kunipita.

Kwa kuwasha gari kuko njia mbili za umeme, na wengi wanazichanganya njo maana wananunua batri bure. Kuko njia ya kutuma na kuko njia ya kazi. Njia ya kutuma ni waya ndogo: inatoka batri, inapita fizibule (fyuzi), inaingia kwa kontake pale unazungusha fungulo, inaenda kwa swichi ya bwate (ile inayokubali paka ukiwa kwa P ao N), inapita rele (swichi inayofungwa na umeme), halafu inafika kwa demareri kwa fishi moja ndogo, mafundi wanaiita 50. Hii waya haibebe nguvu nyingi, ni sawa vile mtoto anatumwa aite baba. Baba mwenyewe anapita kwa kabule kubwa inayotoka moja kwa moja batri mpaka bulo (bolti) kubwa ya demareri, ile ya 30. Pale hakuna fungulo, hakuna rele, iko na moto saa zote hata ukilala. Moteri kama yako ikianza kuzunguka inavuta zaidi ya ampere 100, na hizo zote zinapita paka hapo.

Sasa nani anaunganisha bulo ya 30 na moteri ya demareri? Ni solenoide, ile silinda iliyo ndani ama juu ya demareri. Iko na koili mbili, moja ya kuvuta na moja ya kushikilia. Waya ndogo ikifika na moto, koili zote mbili zinavuta chuma ya katikati. Ile chuma inafanya kazi mbili kwa mwendo moja: inasukuma gurudumu ndogo la meno liingie kwa meno ya gurudumu kubwa la moteri, na mwisho wa safari yake inagonga sahani ya shaba juu ya vipande viwili vya shaba. Vile vipande vikiunganika, moto kubwa inapita, demareri inazunguka. Pale pale koili ya kuvuta inapata moto pande zote mbili, inaacha kufanya kazi, inabaki ile ya kushikilia peke yake. Ukiachilia fungulo resori (springi) inarudisha vyote.

Ukielewa hapo, makelele ya gari inaanza kusema yenyewe. Ukisikia tak-tak-tak-tak haraka haraka na taa zinazimika, batri iko chini ao makose yake (vishikio vya kabule kwa nguzo za batri) yamelegea ao yameota ule unga mweupe na kijani: solenoide inakamata, demareri inavuta, volti zinaanguka, solenoide inaachilia, volti zinapanda, inakamata tena. Ukisikia kimya kabisa na taa ziko vizuri, mambo iko kwa njia ya kutuma, jaribu kwanza kuweka bwate kwa N, ikiwaka kwa N na inakataa kwa P basi ni ile swichi ya bwate, hakuna haja ya kugusa demareri. Ukisikia inazunguka mwiiiii lakini moteri haifuate, gurudumu ndogo ao klachi yake ya upande moja imekwisha.

Ya kwako ni TAK moja ya nguvu na taa hazigeuke. Tak inasema waya ndogo imefika na chuma imetembea mpaka mwisho. Taa kutofifia inasema moto kubwa haijatoka kwa batri. Basi imekatikia katikati, na kwa demareri za Denso kama hizi za Toyota na Lexus za miaka ile, mara nyingi sana ni vile vipande vya shaba ndani ya solenoide vimelika. Kila mara unawasha kuko cheche kidogo pale, shaba inaenda inaisha upande moja, sahani inaanza kugusa vibaya. Leo inagusa, kesho haiguse. Vile vipande vinauzwa peke yao, havina bei ya demareri hata kidogo.

Lakini usinunue kwa maneno yangu. Pima. Weka bwate kwa P, freni ya mkono juu, mtu mmoja kwa fungulo. Multimeta kwa volti za DC. Kwanza batri yenyewe gari imelala: 12.6 ni imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.0 iko karibu kuisha. Kisha weka mshale mwekundu kwa bulo ya 30 ya demareri na mweusi kwa chuma ya moteri, mtu azungushe fungulo mpaka ifanye tak. Andika. Kisha mwekundu kwa bulo ingine kubwa, ile inayoingia na kabule fupi ndani ya demareri, tak tena, andika. Utuletee hizo namba tutakwambia.

---

dereva_wa_birere

Mi yangu ilikuwa vile vile kwa Prado. Mutu anazungusha fungulo mwingine anagongagonga demareri polepole na kipande ya mti, inawaka. Kama uko kwa barabara na usiku unaingia inasaidia kufika nyumbani.

---

moto_ya_kadutu

@dereva_wa_birere ndiyo inasaidia, ju kutingishika kunafanya sahani iguse pembeni ingine ao sharboni (brashi za kaboni ndani ya demareri) zikae vizuri. Ila polepole kabisa na usigonge tumbo ya demareri, kuko zingine ndani ziko na sumaku za kubandika, zikipasuka ndani zinafunga kila kitu na hapo utanunua nzima kweli.

Na niseme hii pia ju naona vijana wanaifanya kila siku: kuunganisha bulo ya 30 na ile fishi ndogo na turnevisi. Inawasha demareri, ndiyo, lakini inapita kando ya swichi ya bwate. Kama gari iko kwa D itaruka na itakukuta wewe uko mbele yake umeinama. Tafazali sana musifanye hivyo kama hamujaangalia bwate kwa macho yenu.

Kitu ingine, hapa Bukavu watu wanapaki kwa mulima kusudi asubuhi gari ishuke iwake yenyewe. Kwa gari ya vitese vya mkono inaenda. Kwa otomatike kama ya ndugu haiende, pompi ya mafuta ya bwate inazungushwa na moteri, moteri ikilala hakuna presio, magurudumu hayawezi kuzungusha moteri. Utashuka mpaka Nyawera na moteri imelala, na freni na volani vitakuwa vigumu ju moteri njo inavisaidia.

---

yaya_wa_viti (Goma, Ndosho)

Mdogo wangu karibu, viti njo kazi yangu ya kila siku, nashona na nafungua za umeme pia. Na nianze na kukutuliza: kiti haikule moto ya demareri yako kama haitembei. Hizo ni njia mbili tofauti, zinakutana paka kwa batri. Fundi anayesema hivyo hajapima.

Na vile uliandika mgongo unafanya, kupanda kunafanya, hiyo tayari inatuambia kama fizibule kubwa ya kiti iko muzima na mase (njia ya minus inayoshikana na chuma ya gari) iko muzima, ju moteri zote za ile kiti zinakula kwa fizibule moja na zinarudi kwa mase moja. Kama zote zingekufa pamoja ningekwambia uangalie fizibule, fishi kubwa ya chini na waya ya mase. Lakini moja tu imekufa, basi ni moteri ile, ao kitufe upande ule, ao kitu imeziba reli.

Kuko jaribio moja haiombe kufungua kitu. Usiku ao ndani ya garage penye giza washa taa ya ndani ya gari, moteri imezimwa. Bonyeza kitufe cha mbele na uangalie ile taa. Kama inafifia kidogo unapobonyeza, moteri ya kiti inapata moto na inasukuma lakini kitu kinaizuia. Kama taa haigeuke hata kidogo, moto haifiki kwa moteri, ao moteri imekatika ndani. Uchunge kitu moja: usibonyeze kwa muda mrefu. Moteri nyingi za viti ziko na kinga ndani inayokata zikipata joto, inarudi yenyewe ikipoa, kwa hiyo mutu anabonyeza anabonyeza anasema "imekufa kabisa" kumbe imejikinga.

Kisha chukua torshi ulale chini uangalie reli. Hapa Goma mi naona sababu moja kuliko zote: mchanga mweusi wa volkano. Barabara zetu ni lava, tunaingia na viatu, ile mchanga inaanguka ndani ya reli, inakutana na grisi ya kiwandani, inakuwa kitu ngumu. Ni kali kuliko udongo wa kawaida, inakula hata meno ya plastiki. Na juu yake utakuta sarafu, kalamu, kofia za chupa, vipande vya biskuti vya watoto. Nimeisha toa ndani ya reli hata kijiko.

Kama taa imefifia, safisha kwanza. Brashi ngumu na pompi ya upepo, toa yote mpaka chuma ionekane. Usimwage maji pale, chini ya kiti kuko fishi za umeme na za erbagi. Usiweke mafuta ya moteri, yanakamata mchanga na nyuma ya muda mfupi unarudi palepale. Grisi nyeupe ya lithium, kidogo tu, kwa uzi wa bulo ndefu na kwa pembe za reli.

Kama taa haikufifia inaomba kufika kwa fishi ya ile moteri. Ile moteri iko na waya mbili tu. Kitufe kikilala, waya zote mbili ziko kwa mase. Ukibonyeza mbele, moja inapata moto. Ukibonyeza nyuma, ingine njo inapata, na moteri inazunguka upande ingine. Basi toa fishi, weka ampule yako kati ya waya mbili, mwenzako abonyeze mbele na nyuma. Ikiwaka pande zote mbili kitufe na waya ni vizima, moteri njo mgonjwa. Ikiwaka upande moja tu, ao haiwake kabisa, kitufe njo mgonjwa, na kitufe kinafunguka, ndani ni vipande vidogo vya shaba vinavyoshika uchafu.

Sasa erbagi, hapa usome polepole. Hiyo gari iko na erbagi ya ubavu ndani ya mgongo wa kiti, na zile fishi za manjano ni zake. Mbele ya kugusa fishi yoyote ya manjano: fungulo kwa OFF na itoke, toa kose ya minus ya batri, ungoje. Toyota wanaandika angalau sekunde 90 ili moto iliyobaki ndani ya boksi ya erbagi iishe, mi nangoja zaidi ya hapo. Usipime ile fishi ya manjano na multimeta wala ampule, hata siku moja, ampule inaweza kuilipua usoni. Na ukiisha kutoa kiti usirudishe batri na kuzungusha fungulo ju ya kujaribu kitu, taa ya erbagi itawaka kwa tablo na itabaki mpaka mashine iifute.

Kutoa kiti ni bulo nne, kle ya 14 inatosha kwa Toyota nyingi. Shida yako ni kwamba kiti imekwama nyuma kabisa, basi bulo za mbele utazipata na za nyuma zitakuwa zimefunikwa. Usilazimishe na bari. Fika kwa fishi ya moteri kutoka mbele, uitoe, upeleke moto wa batri moja kwa moja kwa moteri na waya mbili, na katikati ya waya ya plus uweke fizibule. Ikienda upande mbaya geuza waya. Kwa muda mfupi mfupi. Mara nyingi inatoka hivyo. Fanya hiyo kazi MBELE ya kutoa kose ya batri ao tumia batri ingine pembeni, na fishi za manjano uziache kwa fasi yao.

---

mwana_himbi

Yaya aksanti, mukubwa wa Kadutu aksanti. Nilipima.

Batri imelala 12.5. Kwa bulo ya 30 wakati ya tak: 12.3. Kwa bulo ingine, ile inayoingia ndani ya demareri: 0. Nilirudilia ikaleta 0 tena, na pale ilipokubali kuwaka ilionyesha kama 10 hivi.

Kwa kiti, taa ya ndani ilififia. Na nikitega sikio kuko sauti ndogo ya "nnn" chini mara moja halafu inakatika.

---

moto_ya_kadutu

Basi mambo imekwisha. 12.3 inafika mlangoni na 0 inatoka upande wa pili, na chuma imetembea. Ni vipande vya shaba. Kama ungepata 12 pande zote mbili na demareri haizunguke ningesema sharboni. Kama kwa 30 ungepata 8 ao 9 na kwa batri iko 12, ningesema kabule kubwa imeoza ndani. Ya kwako iko wazi.

Toa kose ya minus kwanza, siku zote minus kwanza, ju kle ikigusa bulo ya 30 na chuma ya gari batri ikiwa imefungwa utaona moto. Ukiisha kutoa demareri, kifuniko cha nyuma ya solenoide kinashikwa na bulo ndogo tatu. Fungua polepole, ndani kuko resori. Utaona chuma na sahani yake, na vipande viwili vya shaba pembeni. Angalia ile ya upande wa batri, karibu kila mara njo imelika zaidi, utakuta imekuwa nyembamba na iko na shimo.

Badirisha vyote viwili na ile chuma yenye sahani kama unaipata. Watu wanapiga msasa wanarudisha, inaenda kidogo kisha inarudi, ju urefu wa shaba njo umepotea, na msasa unaupunguza tena. Ukiweka mpya usikaze kabisa kwanza: sukuma sahani na kidole mpaka iguse vipande vyote viwili sawasawa, njo ukaze nati. Na ushikilie bulo isizunguke ukikaza, chini yake kuko plastiki inayoitenganisha na mase, ikipasuka bulo ya 30 inagusana na chuma na hiyo ni moto ya kweli.

Kabla ya kurudisha, piga msasa pale demareri inakaa kwa moteri. Mase ya demareri inapita kwa chuma yake, haina waya. Watu wanasahau hiyo.

---

mama_ya_noah (Goma, Majengo)

Naingilia kidogo ju naona mutu alinunua batri bure hapo juu. Ya kwangu ilikuwa tofauti, batri inaisha usiku, asubuhi tak-tak-tak. Wakaniuzia batri, nayo ikaisha. Mafundi wa hapa wanakimbilia batri kwanza na siye wamama wanatufanyia hivyo zaidi, inaniuma. Kumbe kuko kitu kilikuwa kinakula moto gari ikiwa imelala. Namna gani ndugu anaweza kujua kama kiti yake haiko inafanya hivyo? Yaya alisema haikule kama haitembei, lakini kuko zile zenye memori (zinazokumbuka kipimo cha dereva).

---

moto_ya_kadutu

Mama uko sawa kabisa kuuliza. Kiti ya kawaida haikule kitu ikilala. Ile ya memori iko na boksi yake ndogo ya elektroniki, inakula kidogo sana, isipokuwa kitufe kimekwama ao boksi iliingia maji.

Kupima: funga milango yote, fungulo itoke, ungoje nusu saa ili boksi za gari zilale. Multimeta kwa ampere, tundu la 10A, uiweke kati ya kose ya minus na nguzo ya batri. Chini ya milliampere 50 ni kawaida. Ukikuta nusu ampere ao zaidi, toa fizibule moja moja; ile ukitoa namba inaanguka, njo mwizi yuko kwa njia ile. Usifungue mlango ao kuzungusha fungulo ukiwa umeunganisha, utaunguza fizibule ya multimeta.

Na kwa wale wenye batri za kufungua, munisikie: ikipungua ni maji ya distile peke yake. Asidi haipotei, maji njo yanapotea. Kuongeza asidi kunakula sahani za ndani. Na maji ya ziwa yetu la Kivu yako na chumvi nyingi za mawe, yasiingie mule hata kidogo, pia ya robine hapana.

---

mwana_himbi

Jamani. Nilipata vipande vya shaba kwa Birere, fundi wangu wa mtaa tukafungua pamoja nikiwa na simu mkononi nasoma maneno ya mukubwa. Kile cha upande wa batri kilikuwa kimelika mpaka nusu, sahani nayo iko na alama nyeusi upande moja. Tumeweka vipya, chuma yenye sahani pia. Sasa inakamata kwa mara ya kwanza, asubuhi na ikiwa moto. Fundi mwenyewe alikuwa hajue kama vinauzwa peke yao, ameweka zile za zamani kwa meza yake aonyeshe wateja.

Kiti: nilipeleka moto moja kwa moja kwa moteri kama yaya alivyosema, ikalia, ikatembea kidogo, ikakwama, nikageuza waya, ikaachilia. Ndani ya reli ya kulia kulikuwa mchanga mweusi umegandamana na kofia ya kalamu. Nimesafisha. Sasa inaenda mbele na nyuma na kitufe chake lakini naona upande wa kushoto unachelewa kidogo, kiti inaenda kama imepinda halafu inajinyoosha. Hiyo ni kawaida ao kuko kitu kingine?

---

yaya_wa_viti

Hapana, si kawaida, na usiiache hivyo ju itavunja meno. Moteri ni moja lakini reli ni mbili. Moteri inazungusha fimbo laini, kama kabule inayopinda, inayopeleka nguvu kwa gia ya reli ya kila upande. Upande moja ukichelewa, ni kwamba reli ile bado iko nzito ao ncha ya ile kabule imelika na inateleza ndani ya gia.

Fanya hivi. Peleka kiti nyuma utoe bulo mbili za mbele, ipeleke mbele mpaka mwisho utoe mbili za nyuma, kisha toa kose ya minus, ungoje. Huna haja ya kutoa kiti inje ya gari, ilaze tu kwa nyuma taratibu bila kuvuta waya za chini. Chomoa kabule ya upande wa kushoto kwa gia yake na uangalie ncha: iko mraba. Kama pembe zake zimekuwa za mviringo, badirisha kabule, kwa viti vya okazio utaipata peke yake. Kama mraba bado iko mzuri, zungusha gia ya kushoto na vidole ao na koleo ndogo. Ikiwa nzito, mchanga ungali ndani, safisha tena na uweke grisi.

Mbele ya kurudisha kabule, hakikisha reli zote mbili ziko sawa kwa kipimo. Chukua futi, pima kutoka mwisho wa reli ya chini mpaka mwisho wa reli ya juu, kushoto na kulia, izungushe ile iliyobaki nyuma mpaka namba zilingane. Ukirudisha zikiwa hazilingani kiti itabaki imepinda saa zote na moteri itachoka. Kisha bulo za mbele kwanza kwa mkono, za nyuma kwa mkono, halafu njo kukaza zote. Batri mwisho. Ukizungusha fungulo taa ya erbagi inawaka kisha inazimika yenyewe nyuma ya sekunde chache. Ikibaki inawaka, zima, toa kose tena, ungoje, na uangalie kama fishi ya manjano umeisukuma mpaka ikalia "tik".